Baada ya Kula

Duka letu liko Kiboriloni, jirani na mitumba.
Siku ya soko huja Ndesario wa mashine ya kusaga,
nyusi nyeupe kwa unga, macho mekundu,
chafya saba kabla ya shikamoo.
Nampa setrizini. Nikipata nafasi namweleza:
hii haiui vumbi, Ndesario, vumbi ni lako na mashine yako.
Mwilini mwako kuna walinzi waoga,
wakiona unga wanadhani ni jeshi.
Wanamtuma mjumbe, jina lake histamini,
agonge nyumba kwa nyumba: fungulieni maji!
Kidonge kinamtangulia, kinakaa kwenye tundu la kitasa.
Mjumbe anafika na ufunguo wake,
anajaribu, anaguna, anapita.
"Kumbe naye mgambo tu," anacheka Ndesario,
anachomoa noti yenye unga.

Hayo nayajua. Chuoni nilipata tisini na moja.
Nilijua hata kwamba mjumbe huyo ana mlango wa pili,
chini, tumboni, ambako akigonga
humwagwa tindikali badala ya machozi,
na kitasa cha huko kidonge cha chafya hakikiwezi.

Mama yangu ana goti.
Kwetu tunasema hivyo, ana goti,
kana kwamba sisi wengine hatuna.
Goti la kupanda Kidia na mkungu kichwani
tangu mimi niko mgongoni.
Nilimfungia diklofenaki kwenye bahasha ya kaki,
nikaandika 1x3, kalamu ya bluu, mwandiko wa kusifiwa.
Na kwa kuwa ni mama, na kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu,
sikusema neno.

Neno lenyewe ni hili.
Jiko linalopika uvimbe wa goti
ni ndugu wa jiko linalopika ute,
ule ute unaokandika kuta za tumbo
zisiunguzwe na tindikali yao wenyewe.
Diklofenaki haiulizi jiko la nani.
Inamwaga maji kwenye mafiga yote.
Goti linapoa. Ukuta unabaki fito.

Mama alimeza alfajiri, kwa chai ya rangi,
maana goti huamka kabla ya njaa.
Siku ya kumi na tisa alitapika
kitu cheusi, chembechembe, kama mashapo ya kahawa.
"Siyo damu," alisema. "Damu ni nyekundu."
Aikande, aliyeanika kahawa miaka arobaini,
aliinamia beseni
kama anayekadiria gredi.

Mawenzi walimchoma sindano ya kichefuchefu.
Nilisimama pale na tisini na moja yangu.
Kichefuchefu ni barua:
utumbo unaiandika, ubongo unaisoma,
na sindano ni karani anayeikalia njiani.
Kilichoandikwa bado kimeandikwa.
Ndipo ikaja omeprazo, isiyohangaika na mjumbe wala mlango,
inakwenda kwenye pampu zenyewe,
inazifunga, moja, nyingine, nyingine,
si zote, si milele,
mfereji upungue tu, ukuta upate kukandikwa upya.

Wiki ya tatu aliomba mtori.
Alikula vijiko vinne, akaniangalia.
"Hiki cha sasa nimeze lini?"
Nusu saa kabla ya kula, mama.
"Na kile cha goti kilikuwa lini?"

Nje kulikuwa na mtu anasukuma toroli la chupa.
Nililisikiliza mpaka likaisha kona.
"Baada," nilisema.
Akachukua kijiko chake. Hakuniambia kitu,
na hajaniambia mpaka leo.

Goti bado analo. Tunalichua kwa dawa ya kupaka,
anasema inanuka kama gereji.

Mimi siku hizi, kabla sijagusa bahasha,
namuuliza kila mtu: umekula?
Foleni inasonya, inafika barabarani.
Wengine, wageni hasa, hudhani nawakaribisha,
hushusha mizigo,
hutafuta pa kukaa.